Maneno ya hasira ya Kiingereza na watu waliobandikwa

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA mwenye magunia ya maharage, akiambiwa kwa mara ya nne kwamba karatasi yake moja haina muhuri, hupandwa na hasira. Atapaza sauti, atagonga meza, pengine atatupa bahasha yake chini. Hilo halihitaji mkalimani.

Ofisa aliye nyuma ya kioo humgeukia mwenzake na kumwambia kwa Kiingereza kwamba mama huyu ana 'tantrum'. Mwenye magunia hulisikia neno, ila hajui ameitwa nini.

Ameitwa mtoto mdogo.

Wasomaji wetu wengi waliorejea makwao kutoka Tanzania, Uganda au Kongo walirudi na Kiswahili safi cha sokoni na cha kambini, wakakikuta Kiingereza kimetangulia ofisini. Nchini Rwanda, kwa mfano, Baraza la Mawaziri liliamua mwezi Oktoba 2008 kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Tangu hapo watoto huleta nyumbani maneno ambayo wazazi wao huyasikia tu kwenye vituo vya mpakani, mara nyingi yakiwa yamewaelekea wao.

Kiingereza kina utajiri mkubwa wa maneno ya mlipuko wa hasira. Ukiyafuatilia moja moja hadi yalikotoka, jambo moja hujitokeza: mengi hayakutungwa na mwenye hasira. Yalitungwa na mtu aliyekuwa pembeni akimtazama, na mara nyingi mtazamaji huyo ndiye aliyekuwa na nafasi ya juu zaidi.

Tuanze na hilo la 'tantrum'. Katika maandishi ya Kiingereza lilianza kuonekana mwaka 1714, na chimbuko lake halijulikani. Wanaisimu wamelitafuta katika Kilatini, katika Kifaransa na katika muziki, wakatoka mikono mitupu. Zamani lilitumika hata kwa watu wazima, lakini leo makao yake ni kwa mtoto wa miaka miwili aliyejitupa sakafuni kwa sababu amenyimwa pipi. Mtu mzima akiitwa hivyo, ameambiwa kwamba hana hoja. Abembelezwe au apuuzwe, basi.

Mtindo huo wa kumgeuza mtu mzima kuwa mtoto umeenea. Waingereza husema fulani ametupa midoli yake nje ya kigari. Waaustralia wao husema ametema chuchu, ile ya plastiki anayonyonyeshwa mtoto ili anyamaze. Wamarekani walikuwa na neno 'conniption' tangu mwaka 1833, nalo pia halina baba wala mama anayejulikana.

Kwa wanawake lipo fungu lao maalumu. 'Hysterical', neno lililoingia Kiingereza katika karne ya 17, linatokana na neno la Kigiriki 'hystera', yaani mji wa mimba. Waganga wa Ugiriki ya kale waliamini kwamba mji wa mimba ukihama mahali pake mwilini, mwanamke hupatwa na kifafa, kilio na ghadhabu. Imani hiyo ilidumu kwa sura mbalimbali kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Ni mwaka 1980 tu ambapo chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliacha kulitumia neno 'hysteria' kama jina la maradhi linalojitegemea katika mwongozo wake.

Kutoka neno hilohilo, wengi wanaamini, ndiko kulikozaliwa 'hissy fit', msemo wa kusini mwa Marekani uliojulikana kwenye miaka ya 1930. Kwa hiyo ofisa anayesema kwamba mama wa maharage ni 'hysterical' anadai, bila yeye mwenyewe kujua, kuwa tatizo liko kwenye mji wa mimba na si kwenye muhuri.

Nyongo, bandama na balghamu

Si maneno yote yaliyotungwa kwa dharau. Yapo yaliyotoka kwa madaktari, na hapa Kiswahili na Kiingereza vina ujomba ambao wengi hawaujui.

Wagiriki wa kale, kuanzia zama za Hippocrates hadi za Galen, walifundisha kwamba mwili una majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Yakichanganyika kwa kadiri, mtu ana afya na utulivu. Moja likizidi, tabia hubadilika. Aliyezidiwa na nyongo ya manjano huwa mwepesi wa hasira.

Elimu hiyo ilichukuliwa na matabibu wa dunia ya Kiislamu, akiwamo Ibn Sina, wakaiendeleza na kuiandika kwa Kiarabu. Kutoka hapo ilikwenda Ulaya kwa njia ya Kilatini, na ilifika pia katika mwambao wetu pamoja na dawa na vitabu. Ndiyo maana Mswahili husema 'balghamu', neno la Kiarabu ambalo Waarabu walilitoa kwa Wagiriki. Ndiyo maana pia tuna 'safura', ambalo kwa Kiarabu ni jina la nyongo ya manjano, ingawa leo wengi hulitumia kwa ugonjwa wa minyoo na upungufu wa damu.

Waingereza wao walichukua 'choler', nyongo, wakaifanya jina la hasira. Mtu wa hasira za haraka akaitwa 'choleric'. Kipindupindu kikapewa jina kutoka shina hilohilo. Bandama nayo haikuachwa: hadi leo Mwingereza anayemwaga hasira zake husemwa kuwa anaipa bandama yake upenyo wa kupumua. Sisi tunasema mtu ametumbukia nyongo, ingawa kwetu maana yake ni kwamba amechukiwa, si kwamba amekasirika.

Katika tamthilia ya Julius Caesar, ambayo Shakespeare aliiandika mnamo mwaka 1599, kuna ugomvi mkali wa Brutus na Cassius hemani, na viungo hivyo viwili, nyongo na bandama, vinarushwa huku na huku kama mawe. Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1963, kisha akairudia na kuitoa upya mwaka 1969. Anayetaka kuona jinsi magomvi ya Kiingereza yanavyosikika kwa Kiswahili cha mtu aliyezijua lugha zote mbili barabara, aanzie hapo.

Katika elimu ya majimaji manne ndimo lilimotoka pia neno ambalo kila mwanafunzi hukutana nalo, yaani 'temper'. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuchanganya kwa kiasi kinachofaa. 'Temper' ya mtu ilikuwa ule mchanganyiko wake mzuri, utulivu wake. Mhunzi naye hutumia neno hilohilo kwa chuma kilichopashwa moto na kupozwa hadi kikapata ugumu unaotakiwa.

Kwa hiyo Mwingereza aliposema mtu amepoteza 'temper' yake, alimaanisha amepoteza utulivu. Hapo mantiki ilikuwa sawa. Lakini maneno hayakai mahali pamoja. Kufikia karne ya 19 'temper' ilikuwa imegeuka na kumaanisha hasira yenyewe, na leo mtu anaweza kuambiwa ana 'temper' na pia kwamba ameipoteza, na yote mawili yakawa na maana moja. Mwanafunzi anayelalamika kwamba Kiingereza hakieleweki hajakosea sana.

Na 'anger' lenyewe, neno la kawaida kuliko yote? Hilo lililetwa Uingereza na Wavikingi, watu wa kaskazini waliovamia kisha wakalowea. Katika lugha yao 'angr' haikuwa ghadhabu. Ilikuwa huzuni, dhiki, uchungu wa moyo. Lina undugu na neno la Kilatini la kubana au kukaba, na pia na maneno ya Kiingereza ya wasiwasi na mateso ya moyo. Ilipofika karne ya 14 ndipo maana ya kughadhibika ilipotawala.

Sasa tazama neno letu 'hasira'. Tumelipata kwa Waarabu, na kwao 'hasra' ni majonzi, ni majuto ya kitu kilichopotea. Lugha mbili zisizojuana zilichukua neno la huzuni kutoka kwa wageni waliokuja kwa majahazi na mashua, na zote mbili zikaligeuza kuwa neno la ghadhabu. Mwandishi wa makala haya haoni hilo kuwa ajabu sana. Muulize mama wa maharage, baada ya magunia yake kulala nje kwenye mvua, kama anachosikia ni ghadhabu au ni huzuni. Pengine hatakuwa na hakika.

Wenye ngozi za dubu

Wavikingi haohao waliacha jina jingine. Mtu anayechafukwa hadi akavunja viti na madirisha husemwa kwa Kiingereza kwamba amekuwa 'berserk'. Hao 'berserkir' walikuwa wapiganaji wanaosimuliwa katika hadithi za kale za Aisilandi, waliokwenda vitani bila deraya, wakinguruma kama mbwa mwitu na kuuma kingo za ngao zao. Wataalamu bado wanabishana kama jina lao linamaanisha shati la ngozi ya dubu au kwenda bila shati, ingawa la dubu ndilo lenye wafuasi wengi zaidi.

Ipo picha yao. Mwaka 1831 katika kisiwa cha Lewis, Scotland, zilipatikana kete za sataranji za karne ya 12 zilizochongwa kwa pembe ya walrasi, mnyama wa bahari za barafu. Baadhi ni askari waliotoa macho na kung'ata ngao zao kwa meno. Nyingi ziko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London, na watalii hucheka wakizitazama.

Watu wa Aisilandi wenyewe hawakucheka. Sheria yao ya kale ya Kikristo ilisema mtu anayeingiwa na kichaa hicho ahukumiwe kufukuzwa nchini kwa miaka mitatu, na waliokuwapo wakamwacha bila kumshika wapate adhabu hiyohiyo. Hapo hasira ya mmoja ilikuwa dhamana ya kijiji kizima.

Waingereza walilisahau neno hilo kwa karne nyingi. Aliyelirudisha ni mwandishi wa riwaya Walter Scott, katika riwaya yake ya mwaka 1822 inayohusu visiwa vya kaskazini mwa Scotland. Lilirudi likiwa limeshapambwa, kama kitu cha watu wa kale wasiostaarabika.

Neno lililofuata lilitoka mbali zaidi, na njia yake ilipita karibu na kwetu. Katika lugha ya Kimalay, 'amuk' ni kushambulia kwa ghadhabu bila kujali kufa. Katika masimulizi yao ya kale lilitumika kwa wapiganaji waliojitoa mhanga vitani, na lilikuwa na heshima yake.

Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mnamo mwaka 1516 kitabu kuhusu nchi za Bahari ya Hindi, alisimulia kuhusu Wajava waliokuwa wakitoka mitaani na majambia na kuua kila waliyekutana naye, huku watu wakipiga ukelele wa kuonyana kwa neno hilo. Ni kitabu kilekile ambacho wanahistoria wetu hukitumia kujua habari za Sofala, Kilwa, Mombasa na Malindi. Barbosa alieleza humo pia jinsi Wareno wenzake walivyoibomoa Mombasa na kuipora. Kwa uharibifu huo, uliofanywa mwaka 1505, hakuna aliyewatungia Wareno neno la hasira.

Waingereza walilipokea neno katika karne ya 17 na kuliandika kana kwamba ni maneno mawili, 'a muck', na kwa kuwa 'muck' kwa Kiingereza ni samadi au uchafu, wengi walidhani linahusu uchafu. Walipokuja kuitawala Malaya wakaligeuza kuwa ugonjwa. Mwaka 1893 daktari Gilmore Ellis, aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Singapore, alichapisha makala katika jarida la kitabibu kuhusu 'amok' ya Wamalay. Kilichokuwa kitendo cha mtu mwenye kisa chake kikawa dalili ya kabila.

Leo hii 'run amok' hutumika kwa mbuzi walioingia shambani na kwa watoto waliovuruga harusi.

Waayalandi hawakusalimika ingawa ni majirani wa mlango wa pili. Njaa kubwa ya miaka ya 1845 hadi 1852 iliua takriban watu milioni moja nchini kwao na kuwasukuma wengine zaidi ya hao ng'ambo, wengi wakaishia kufanya vibarua Uingereza na Marekani. 'Paddy' ni ufupisho wa Patrick, jina la kawaida kwao, na Waingereza walilifanya jina la kila Mwayalandi. Kufikia miaka ya 1890 'paddy' kwa herufi ndogo ilikuwa imekuwa neno la Kiingereza la mtu kushikwa na hasira. Marekani nako ilisemwa kwamba mtu aliyekasirika ameamka 'Irish' yake.

Kutoka Nyandarua hadi San Francisco

Hapa tunafika kwenye neno ambalo wasomaji wa upande huu wa Afrika wanapaswa kulijua zaidi ya yote hayo, kwa sababu lilitoka kwetu.

Mnamo Oktoba 20, 1952 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza hali ya hatari, iliyodumu hadi mwaka 1960. Waliopigana katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru. Jina hilo linasema wazi walichokitaka. Walowezi walikuwa wamechukua ardhi nzuri ya nyanda za juu, na wenyewe wakabaki maskwota katika mashamba ya watu wengine.

Dunia haikulijua jeshi hilo kwa jina lake. Ililijua kwa jina la Mau Mau, ambalo asili yake inabishaniwa hadi leo. Jina la kwanza lilitaja sababu ya hasira. La pili halikutaja chochote, na magazeti ya London yalilipenda.

Serikali ilimtafuta mtu wa kuieleza hasira hiyo. Daktari J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari jijini Nairobi, alipewa kazi hiyo na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1954. Maelezo yake makuu yalikuwa ya saikolojia: watu hawa, kwa maoni yake, walikuwa wamekatika na mila zao bila kuingia katika maisha mapya, na ndiyo maana wakachanganyikiwa. Ni njia ileile ya Singapore ya mwaka 1893. Mtu anasema shamba langu limechukuliwa, daktari anaandika jina la ugonjwa.

Safari ya jina hilo haikuishia hapo. Mwaka 1970 mwandishi wa Marekani Tom Wolfe alitoa kitabu chenye makala mbili ndefu, na ya pili ilihusu mji wa San Francisco. Serikali ya Marekani ilikuwa imeanzisha mipango ya kupambana na umaskini. Wakazi wa mitaa ya kimaskini, Weusi, Walatino na Wasamoa, walikuwa wakienda ofisini kwa makundi, wakiwa wamenuna na kupaza sauti, ili kuwatisha maofisa hadi watoe ajira na fedha. Kitendo hicho Wolfe alikiita kwa kitenzi: 'mau-mau'. Kumfanyia ofisa 'mau-mau' ni kumwendea juu kwa ghadhabu hadi aogope na kukubali.

Kitenzi hicho kimo katika kamusi za Marekani mpaka sasa.

Wolfe aliandika kwa kejeli na hakuwahurumia wakazi. Lakini haki yake apewe: hakuwahurumia maofisa pia. Alimchora kwa uhodari karani mdogo anayewekwa mbele ili atukanwe kwa niaba ya wakubwa, mtu asiye na mamlaka ya kuamua lolote, anayetabasamu na kusema atalifikisha suala hilo panapohusika. Yeyote aliyewahi kupanga foleni kutafuta kibali cha kuingiza nyanya anamjua karani huyo, na huenda amemfokea yeye badala ya aliyemtuma.

Ila katika safari hiyo, kutoka msituni hadi dirisha la ofisi, neno ardhi limedondoka, na uhuru pia. Kijana wa Chicago anayelitumia leo hana habari kwamba kuna watu walinyongwa na kufungwa nyuma ya jina hilo.

Nchini Kenya kwenyewe vuguvugu hilo liliendelea kuwa marufuku kisheria hadi mwaka 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipoiondoa marufuku hiyo. Na Juni 6, 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni London na kukiri kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni. Alitangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Wazee hao hawakuitwa siku hiyo kwa jina la ugonjwa. Waliitwa wadai.

Mvuke, posta na barabara

Maneno mengine hayana uzito huo na tunaweza kuyapita haraka. Mapinduzi ya viwanda yalipoleta mashine za mvuke, Waingereza walianza kujiona kama boila. Reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa mwaka 1830, na katika miaka hiyohiyo watu wakaanza kusema kwamba mwenye hasira apewe nafasi ya kutoa mvuke. Wamarekani waliokuwa wakikata misitu walimfananisha mwenye hasira na kichwa cha shoka kilichochomoka kwenye mpini. Yalipokuja magari, ikawa gasketi imepasuka. Ulipokuja umeme, fyuzi imeungua. Zama za nyuklia nazo zikaleta 'meltdown', kuyeyuka kwa kinu, na leo neno hilo hutumika hata kwa mtoto aliyenyimwa simu ya mama yake.

Katika hayo yote mwenye hasira ni chombo kibovu. Fundi aitwe.

Lipo moja linalostahili kusimama kidogo. Agosti 20, 1986 mfanyakazi wa posta katika mji wa Edmond, jimbo la Oklahoma, aliwapiga risasi na kuwaua wenzake 14 kisha akajiua. Matukio mengine ya posta yalifuata, na mwaka 1993 msemo 'going postal' ulionekana magazetini: kuchafukwa hadi kuwa hatari kwa wenzako kazini. Tume iliyochunguza suala hilo ilitoa ripoti mwaka 2000 na kusema wafanyakazi wa posta si wakali kuliko wafanyakazi wengine wa nchi hiyo. Ripoti ilisahaulika, msemo ukabaki.

'Road rage', hasira ya madereva barabarani, ni neno la Marekani la mwaka 1988. Na mwaka 2018 kamusi kubwa ya Oxford ilipokea rasmi 'hangry', njaa na hasira katika neno moja, lililowahi kuandikwa tangu mwaka 1956. Hilo angalau limetungwa na wenye njaa wenyewe.

Hasira ya wenye heshima

Je, bwana mkubwa wa Kiingereza yeye hakasiriki? Hukasirika sana. Lakini hasira yake ina kabati tofauti la maneno. Yeye huwa na 'indignation', kutoka Kilatini, yaani hasira dhidi ya jambo lisilostahili. Neno hilo limebeba sababu ndani yake: kuna kosa limetendeka. Au huchukua 'umbrage', ambalo asili yake ni kivuli, kama mtu aliyesimamiwa juani.

Lipo pia 'outrage'. Wengi hudhani limetokana na 'out', nje, na 'rage', ghadhabu. Sivyo. Lilikuja kutoka Kifaransa na maana yake ya asili ni kuvuka mpaka, kupita kiasi. Anayelitumia anamnyooshea kidole aliyevuka mpaka, si aliyekasirika. Wavukaji wa mipaka wanaosoma ukurasa huu wanaruhusiwa kutabasamu.

Tahadhari moja kwa wanaojifunza Kiingereza kwa filamu. Mmarekani akisema yeye ni 'mad', kwa kawaida amekasirika tu. Mwingereza akilisikia anaweza kuelewa kwamba mtu ana wazimu. Matumizi ya Wamarekani si uzushi wa juzi: Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalitumia hivyo kwa Paulo anapoeleza jinsi alivyowatesa Wakristo, katika Matendo 26:11. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union walipofika hapo hawakutaka kubahatisha, wakaweka hasira na wazimu pamoja. Katika barua ya ofisini, 'mad' liachwe kabisa.

Kwa barua hiyo, maneno yanayofanya kazi ni yale yasiyoeleza sauti yako bali yanayoeleza kosa. 'Complaint' ni lalamiko. 'Objection' ni pingamizi. Mwingereza akiandika kwamba amekuwa 'disappointed', yaani hakuridhika, msomaji wake huelewa kwamba mambo ni makubwa kuliko neno lenyewe linavyoonekana. Andika tarehe uliyofika, idadi ya magunia, karatasi ulizotoa na ile iliyodaiwa kukosa muhuri. Toa nakala moja ubaki nayo. Nakala nyingine ikabidhi dirishani, omba igongwe muhuri wa kupokelewa na uandikiwe namba ya kumbukumbu, na kabla hujaondoka muulize karani aliyeipokea jina lake.